Kumsomea Baba Njia

Mwezi uliopita nilikuwa nateremka kutoka Matombo kwa pikipiki, nimetoka kuwasalimia wazazi wangu, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma yangu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua lilikuwa limeanza kuipandisha ile harufu ya udongo mwekundu uliolowa, ambayo mtu wa huku akiinusa popote alipo hujiona amefika kwao. Kwenye mteremko mrefu unaopinda tukasikia watu nyuma yetu. Walikuwa waendesha baiskeli, vijana wa kike na wa kiume wenye kofia ngumu na matairi mapana, wale wanaopanda milima ya Uluguru siku za mapumziko kwa kupenda tu. Dereva akasogea pembeni wapite. Aliyetangulia alikuwa akipaza sauti bila kugeuka, "Jiwe kushoto. Mchanga. Shimo," na kila aliyefuata akayarudia maneno yale kwa aliye nyuma yake, mpaka yakamfikia wa mwisho.

Nikamwomba dereva azime pikipiki.

"Dada, unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana. Nisubiri kidogo tu."

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka sauti zao zikapotelea kwenye kona. Machozi yalinitoka, lakini hayakuwa ya huzuni. Wenzangu mliokulia kwenye bomba la mbele la baiskeli ya baba, mmekalia gunia lililokunjwa ili msiumie, mnajua jinsi barabara inavyomwingia mtoto mwilini na kukaa humo hata akiwa mtu mzima. Yangu iliniingia kwa namna yake, na sijapata kuisimulia.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Singida. Alipangiwa kazi huku milimani akiwa kijana, akamwoa mama, binti wa Kiluguru aliyekuwa akilima ndizi na mbogamboga, wakajenga kwenye shamba la ukoo wa mama. Shule aliyofundisha ilikuwa upande wa pili wa kilima. Nilipoanza darasa la kwanza, akawa ananibeba kwenda na kurudi kwenye baiskeli yake nyeusi, mimi mbele na madaftari kwenye keria.

Njia yenyewe ilikuwa ya changarawe, imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa udongo wenye mizizi inayoning'inia, upande wa pili migomba iliyoshuka bega kwa bega hadi mtoni. Palikuwa na mahali pa kusukuma baiskeli huku unahema, na mahali pa kuteremka umebana breki mpaka mpira wake unanuka. Asubuhi ukungu ulikuwa chini yetu, na minara ya kanisa la misheni ilichomoza humo kama imeota usiku.

Tukishafika mwanzo wa mteremko, baba alisimama, akaweka mguu mmoja chini, akasema, "Haya Koleta, nisomee njia."

Sikumbuki lini mchezo huo ulianza. Nakumbuka tu kwamba niliuweza. Majina ya changarawe niliyatunga mwenyewe kutokana na jikoni kwa mama. Vumbi laini linalomeza tairi niliita unga. Vijiwe vidogo vilikuwa mchele, vilivyozidi hapo karanga, na mawe yanayoweza kumtupa mtu niliita viazi.

"Mchele, Baba. Mchele. Sasa karanga. Viazi kulia."

Baba anahamia kushoto.

"Unga mbele, unga mwingi."

Baba anapunguza mwendo.

"Mchele mtupu mpaka kwenye kona."

Hapo ndipo alipoachia breki, upepo ukanijaa mdomoni, na kifua chake nyuma yangu nikakisikia kikicheka. Niliamini kila baba anacheza hivyo na mtoto wake. Niliwahurumia tu wale ambao baba zao hawakuwa na baiskeli.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo niliyaona na kuyaelewa kwa akili yangu ya kitoto. Baba alimwamkia shikamoo msichana wa darasa la saba aliyepita amejitwika kuni. Wenzake aliofuatana nao wakacheka, naye baba akacheka, nikadhani amefanya makusudi. Darasani aliwatambua wanafunzi kwa sauti. Akisema, "Huyo anayenong'ona nyuma anyamaze," akataja na jina, tulimwona mtu wa ajabu. Kazi za kuandika ubaoni aliwaachia viranja. Kanisani alikuwa msomaji wa somo la kwanza miaka yote, kisha Jumapili moja kitabu kikasomwa na mwingine, na mama akamtazama baba kwa jicho la pembeni. Baba akasema amechoka, vijana nao wapewe nafasi.

Watu wengine walishaanza kusema mwalimu anakunywa. Walimwona akijikwaa mchana kweupe. Mama alisikia, na nadhani aliyaamini kidogo, kwa sababu alianza kumsogelea kama anayenusa kila aliporudi. Hakunusa pombe. Hilo lilimtia hofu zaidi.

Kisha tukaanguka.

Ilikuwa baada ya mvua kubwa. Mti ulikuwa umeng'oka kwenye ukuta wa udongo na kulala njiani, shina zima, na matawi bado mabichi. Mimi niliuona tangu mbali. Kila mtu angeuona. Ndiyo maana sikuutaja. Mchezo wetu ulikuwa wa changarawe, na changarawe mahali pale ilikuwa mchele, kwa hiyo nikasema, "Mchele, Baba," huku nikingoja asimame. Hakusimama. Nilisikia kelele za matawi, nikaona anga, kisha nikawa nimekaa kwenye tope na jino mkononi. Baba alikuwa amepasuka juu ya nyusi. Damu ilimshuka usoni lakini hakuishika. Alikuwa akipapasa matope kwa mikono yote miwili huku akiita jina langu, na mimi nilikuwa mbele yake kabisa.

"Niko hapa, Baba."

Akanivuta, akanipapasa kichwa, mikono, miguu.

Nyumbani alimwambia mama kwamba breki zilikatika. Nilishangaa, maana breki zilikuwa nzima na baiskeli ilikuwa pale nje. Lakini mtoto hamsahihishi mwalimu.

Habari za ajali zikamfikia mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akiishi Mwembesongo mjini na kuuza vitenge. Akaja kutuona, amebeba mikate na maneno mengi. Alikaa na baba barazani, akampa kikombe cha chai, akamtazama jinsi mkono wake ulivyokitafuta hewani kabla ya kukipata. Baadaye alimfuata mama jikoni. Mimi nilikuwa nje ya ukuta wa jikoni, nabambua maharage, na ukuta wetu ulikuwa wa miti na udongo wenye matundu.

"Mdogo wangu," mama mkubwa akasema, "mumeo ana mtoto wa jicho."

Mama akaweka mwiko chini. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Muulize mwenyewe. Ila huyo si wa jana wala wa juzi. Amekomaa."

Nikasikia mama akilia, kilio cha chini, cha mtu anayeuma kanga ili asisikike.

Nami niliacha maharage. Kwetu Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Majina ya koo nilikuwa nayasikia kila siku, huyu wa ukoo huu, yule wa ukoo ule, na mengine yalikuwa ya ajabu kuliko Jicho. Basi sikuwa na shaka hata chembe. Baba alikuwa na mtoto mwingine, amezaa na mwanamke wa ukoo wa Jicho, na mtoto huyo alishakua mkubwa.

Wakati huo nilikuwa peke yangu kwa wazazi wangu. Siku zilizofuata nilibeba jambo hilo kama mtu aliyebeba chungu cha maji ya moto. Kanisani nilichungulia nyuso za watoto nikitafuta mwenye pua ya baba. Niliwaza kama anajua kusoma changarawe, kama naye ana majina yake, kama baba anacheka anapombeba. Wivu ulinikaba, halafu huruma nayo ikaja, maana mtoto huyo alikuwa akikaa mahali bila baba. Nikaamua kwamba akija, nitamkubali. Atakaa kwenye keria. Pale mbele sitampisha.

Mama alimpakulia baba chakula na kukisogeza mpaka kigonge vidole vyake, lakini hakumwuliza. Baba alikula ameinama. Baadaye sana mama aliniambia alikuwa akingoja mumewe aseme mwenyewe, kwa sababu mwanamume aliyeficha jambo kubwa namna hiyo lazima ana hofu kubwa kuliko jambo lenyewe.

Nikauliza mimi. Tulikuwa tunarudi kutoka shuleni, tumefika mwanzo wa mteremko, baba ameweka mguu chini.

"Haya, nisomee njia."

"Baba," nikasema, "mtoto wa jicho ni wa kike au wa kiume?"

Mikono yake iliyokuwa kwenye usukani, kulia na kushoto kwangu, ikakaza. Alinishusha taratibu, akailaza baiskeli kwenye majani, akakaa chini.

"Nani amekuambia?"

"Mama mkubwa alimwambia mama. Mama alilia. Lakini mimi sijakasirika, Baba. Anaweza kuja."

Sijui uso wake ulikuwaje, maana aliufunika. Mabega yalitikisika, nikadhani analia, kisha nikagundua anacheka, na baadaye yote mawili kwa pamoja. Akanikalisha pajani.

"Yupo tayari," akasema. "Nimekaa naye miaka. Yuko hapa." Akagusa jicho la kulia. "Na hapa yuko pacha wake."

Nikamchungulia kwa karibu. Katikati ya weusi wa jicho palikuwa na weupe hafifu, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Anafanya nini humo?"

"Anaziba dirisha. Unaujua ukungu wa asubuhi, kanisa likiwa ndani yake? Mimi naona hivyo mchana kutwa. Na sasa hata kanisa silioni."

"Na mimi?"

Akanipapasa shavu. "Wewe nakusikia vizuri sana."

Niliutazama ule mteremko, nikayafikiria yote tuliyoyateremka, kona zote, na ng'ambo ile ya migomba. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Ule haukuwa mchezo. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kama unavyomwambia mtu mzima mwenzako. Mwalimu asiyeona hafundishi, na asiyefundisha nyumba yake itakulaje? Yeye alikuwa mgeni pale, amekaa kwenye ardhi ya wakwe. Tena alishasikia kwamba hospitali wanalitoa jicho zima, wanalisuuza na kulirudisha, na mengine hayakai tena sawa.

Siku hiyo hatukupanda baiskeli. Tuliisukuma mpaka nyumbani, na baba akaenda moja kwa moja jikoni, alikokuwa mama, akakaa kwenye kigoda.

"Mama Koleta," akasema, "sioni."

Mama akajibu, "Najua. Nilikuwa nakungoja."

Sikusikia mengine, kwa sababu mama alinituma maji.

Mama mkubwa akatuma habari, kwa watu waliopanda kwa miguu, kwamba madaktari wa macho wamefika kwenye hospitali moja mjini, wanapasua watu, na hawatakaa sana. Lakini mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara. Hapakuwa na gari lililopanda wala kushuka. Malori yalikwama mbali huko chini. Watu walimshauri baba asubiri. Mama alikataa. Alifunga nguo kwenye kanga, akachemsha mihogo, na asubuhi akaketi kwenye keria, yeye ambaye hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, akamshika mumewe kiuno.

"Koleta yuko mbele," akasema, "mimi niko nyuma. Wewe kanyaga."

Nimesafiri sana tangu siku hiyo, lakini safari kama ile sijapata. Maji yalikuwa yameifagia njia na kuacha mifupa yake. Viazi vilikuwa vingi kuliko mchele. Nilisoma kwa sauti ya juu, kila kitu, changarawe na matawi na mbuzi na madimbwi, maana sasa nilijua hakuna kilicho kikubwa mno kisistahili kutajwa. Mwanzoni mama alikuwa akiomba Salamu Maria kwa mnong'ono. Kisha nikamsikia ameacha sala na kuanza kurudia maneno yangu, sikioni mwa baba, taratibu.

"Karanga," nikasema.

"Karanga, Baba Koleta," mama akasema.

"Viazi kushoto."

"Viazi kushoto. Nenda kulia. Hapohapo."

Mahali fulani barabara ilikuwa imemeguka na kubaki kinjia chembamba, ukuta upande huu na korongo upande ule. Tukashuka. Mama alitangulia na mzigo kichwani, akafika ng'ambo, akageuka. Baba akashika baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka begani kwangu. Nilihisi uzito wa vidole vyake. Nikamwambia aweke mguu wa kulia, sasa wa kushoto, sasa asimame, jiwe linacheza, sasa aendelee. Hakuuliza swali hata moja. Mtu mzima, mwalimu aliyeogopwa na shule nzima, alikwenda nilikomwambia. Tulipofika alipokuwa mama, mama alitukumbatia sote pamoja na baiskeli, na usukani ukanichoma mbavu.

Huko chini tulikuta lori lililokuwa limenasuliwa, likatuchukua mpaka mjini tukiwa tumelowa matope.

Hospitali nakumbuka sakafu yake iliyonuka dawa, na benchi refu walikokaa wazee wenye plasta jichoni. Baba alipoitwa alinyoosha mkono kunitafuta, nikaushika, lakini muuguzi akasema mtoto abaki nje. "Dada, naomba unisomee njia basi," baba akamwambia. Muuguzi hakuelewa, ila alimpa mkono.

Mama hakula siku ile. Nilimwuliza mama mkubwa, aliyekuja kungoja pamoja nasi, kama kweli wanalitoa jicho na kulisuuza. Akasema, "Hawalitoi. Wanachana kidogo, wanamtoa huyo mtoto, basi." Nilimtaka muuguzi anionyeshe mtoto mwenyewe akishatoka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Asubuhi iliyofuata bandeji ikafunguliwa. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alipepesa, jicho likamtoka machozi, akautazama ukuta, akaitazama mikono yake mbele na nyuma. Akamtazama mama. "Umekonda," akamwambia. Mama akajibu, "Na wewe umezeeka," kisha akaenda dirishani akatugeuzia mgongo, akawa anapangusa kioo kilichokuwa safi.

Halafu akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekutana nami wapi. Miaka yote ile nilikuwa nikikua mbele yake, naye uso wangu haukumfikia.

"Mama Koleta," akasema bila kuondoa macho kwangu, "huyu mtoto ni mama yangu mtupu."

Mama hakuwa amewahi kumwona mkwewe, wala mimi bibi yangu. Singida ilikuwa mbali, na baba hakuwa amekwenda tangu macho yalipoanza kumsaliti, kwa aibu ya kufika kwao akashindwa kuwatambua ndugu zake. Jicho la pili lilipasuliwa miezi kadhaa baadaye. Akapewa miwani mizito, akarudi ubaoni, akarudi na kwenye somo la kwanza kanisani. Wale waliosema anakunywa walimletea ndizi na bilinganyi, wala hakuna aliyetaja lolote. Tulimshukuru Mungu, tukawashukuru madaktari ambao majina yao hatukuyajua, na mama mkubwa mpaka leo hufika kwetu kama malkia. Na shule zilipofungwa, baba akatupandisha basi kwenye kituo cha Msamvu, mjini, tukaenda kwao.

Nilishangaa nchi ilivyo tambarare, barabara imenyooka mpaka inachosha, na mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kama yamepangwa. Tulifika jua likiwa bado juu. Bibi alikuwa uani anapepeta mtama kwa ungo. Alikuwa mwembamba, kiwiko kimechongoka, kanga ameifunga kifuani. Baba alimtambua akiwa mbali, akasimama, akamtazama akipepeta, wala hakumwita. Alitaka amwone tu.

Mimi ndiye niliyetangulia. Nikapiga magoti kama mama alivyonifundisha.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi aliuweka ungo chini. Hakuitikia marahaba. Alinishika kidevu kwa vidole vyenye vumbi la mtama, akaugeuza uso wangu huku na huku, akapitisha kidole gumba kwenye paji la uso wangu na chini ya jicho. Kisha akageuka kwa jirani aliyekuwa ng'ambo ya ua, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo unione nilivyokuwa mdogo."